Nikeli Itaondoka, Salfa Itabaki Bugarama

Kila inapotajwa nikeli ya Kabanga, hesabu zinazofuata ni za vitu vitakavyotoka: tani za makinikia, mrabaha, ajira, na asilimia 16 za Serikali ndani ya kampuni ya Tembo Nickel. Ni hesabu halali, na wilaya ya Ngara iliyousubiri mgodi huu kwa karibu nusu karne ina haki ya kuzipiga. Ipo hesabu nyingine isiyosikika sana mikutanoni, nayo ni ya vitu vitakavyobaki katika kata ya Bugarama, mahali ulipo mgodi, ukishafungwa. Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliotolewa Julai 2025, akiba inayoweza kuchimbwa ni tani milioni 52.2 za mbale zenye nikeli asilimia 1.98, shaba asilimia 0.27 na kobalti asilimia 0.15, za kuchimbwa kwa takriban miaka 18. Katika kila kilo 100 za mbale, basi, metali zote tatu zinazotafutwa hazifiki kilo 3. Sehemu ya kilo zilizobaki itasafiri ndani ya makinikia. Iliyo kubwa zaidi itabaki pale pale, ikiwa imesagwa kuwa tope laini na kubadilishwa tabia yake. Ardhi ya Bugarama itapona au haitapona kulingana na maamuzi yanayofanyika sasa, kabla ya makinikia ya kwanza kutoka, kuhusu mahali pa kuliweka tope hilo, udongo utakaohifadhiwa na fedha zitakazotengwa. Atakayekuja na miche mwaka wa 20 atakuta mengi yameshaamuliwa.

Sababu ya kwanza ya kusema hivyo iko ndani ya jiwe lenyewe. Mbale za Kabanga ni za salfaidi: nikeli, shaba na kobalti zimefungamana na chuma na salfa, na madini ya chuma na salfa yasiyo na thamani sokoni ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya mwamba. Yakiwa chini sana, mbali na hewa, madini hayo hukaa kimya kwa mamilioni ya miaka. Yakichimbwa, yakasagwa na kukutana na hewa na maji, hugeuka polepole kuwa tindikali ya salfa, na vipo vijidudu vya asili vinavyouharakisha mgeuko huo. Tindikali nayo huyeyusha metali zilizosalia na kuzipeleka kwenye vijito na maji ya ardhini. Mchakato huu ukishaanza haungoji ruhusa ya mtu wala haukomi leseni inapoisha. Mto Rio Tinto wa kusini mwa Hispania, ambako shaba imechimbwa kwa maelfu ya miaka, hadi leo unatiririka maji mekundu yenye tindikali. Mvua za Ngara, zinazoanza vuli na kurudi masika, ndizo zinazoilisha migomba na maharage ya wilaya hiyo. Hizo hizo ndizo zitakazoendelea kupita juu ya lundo lolote litakaloachwa wazi. Na vijito vya upande huu vinateremkia Ruvubu, mto unaotoka Burundi na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, yenye mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa na nchi tatu. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Kosa la Bugarama halitaishia Bugarama.

Anayedhani haya ni mambo ya Ulaya atazame Kasese, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa Kilembe ulianza kuzalisha shaba mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese kwa ajili yake, na mwendeshaji wake alikuwa kampuni ya Kanada iitwayo Falconbridge. Pamoja na shaba, mtambo ulitoa makinikia ya salfaidi ya chuma yenye kobalti. Kwa kuwa hayakuwa na soko wakati ule, yalirundikwa Kasese yakisubiri siku njema. Falconbridge iliondoka katika miaka ya 1970, uzalishaji ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na lundo la takriban tani milioni 1 likabaki likinyeshewa. Tindikali na metali zilishuka kutoka lundoni hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, zikaacha mkanda wa ardhi isiyoota nyasi ukielekea Ziwa George, ziwa linalolisha wavuvi na lenye hadhi ya ardhioevu ya kimataifa. Ni mwaka 1999 tu ndipo kampuni ya Kasese Cobalt ilipoanza kulichenjua lundo lile ili kutoa kobalti, na kwa bahati hiyo ya soko chanzo cha uchafu kikapungua. Huko juu bondeni, mabaki mengine ya uchenjuaji yalikuwa yameachwa kandokando ya mto Nyamwamba. Mafuriko makubwa ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliukata ukingo na kuyasomba. Hakuna aliyekusudia madhara hayo. Kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kibiashara, na kila mmiliki aliliacha lundo kwa anayefuata. Falconbridge hiyo hiyo ndiyo iliyokuja Ngara mwaka 2005, ikaingia ubia na Barrick kuutafiti Kabanga, kabla ya kununuliwa na Xstrata mwaka uliofuata.

Orodha ya waliokwisha kuushika Kabanga inastahili kusomwa polepole. Watafiti wa Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa waliugundua mwamba huo katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1990 alikuwapo Sutton Resources, akishirikiana kwa muda na BHP. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999. Ikaja Falconbridge, kisha Xstrata, kisha Glencore iliyoimeza Xstrata mwaka 2013. Mwaka 2018 Serikali ilifuta leseni za kuhodhi maeneo, Kabanga ikiwemo. Januari 2021 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kabanga Nickel na kuzaliwa kwa Tembo Nickel, yenye Serikali kwa asilimia 16 na mwekezaji kwa 84. BHP ilirudi kama mbia mwaka 2022 na kuuza hisa zake kwa Lifezone Metals, kampuni mama ya Kabanga Nickel, Julai 2025. Huo ni uhamisho wote uliotokea kabla ya tani moja ya makinikia kuuzwa. Ni ujasiri kuamini kwamba atakayesaini mpango wa kufunga mgodi leo ndiye atakayekuwa zamu miaka 18 ijayo. Kwa hiyo wajibu wowote unaotegemea nia njema ya mmiliki fulani ni dhaifu tangu siku ya kwanza, hata kama mmiliki huyo ni mwema kweli.

Mtu anayetaka matumaini hutajiwa Bamburi, Mombasa, na ni matumaini ya kweli. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu lenye maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26, zikasalimika chache, na mvinje ukashinda. Majongoo wekundu wakawa wanameng'enya sindano za mvinje na kuzifanya udongo. Msitu ukasimama, wakaja ndege, samaki na twiga. Nauheshimu sana mfano huu, ila unapotumiwa kuwatuliza watu wa Ngara unapotosha. Jiwe la Bamburi ni chokaa, ndicho kile kile kinachotumika kuua tindikali. Haller alipambana na ukosefu wa udongo na wingi wa chumvi. Hakuwahi kupambana na mwamba unaotengeneza sumu mpya kila mvua inaponyesha. Miti ikipandwa juu ya tope la salfaidi lisilofunikwa sawasawa, mizizi yake hufika kwenye tindikali ikafa, au ikapenya tabaka la juu na kuifungulia hewa njia. Picha ya miche ya kijani juu ya bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji, haithibitishi chochote kuhusu maji yaliyo chini yake.

Mfano ulio karibu zaidi kwa kemia uko Sudbury, Kanada, mji wa nikeli ya salfaidi na nyumbani kwa Falconbridge. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mbale zilichomwa huko, kwa miaka mingi kwenye marundo ya kuni yaliyo wazi, na moshi wa salfa ukaua misitu na kuigeuza milima kuwa miamba myeusi. Mwaka 1978 mji ulianza kuiponya. Vijana waliajiriwa kumwaga chokaa iliyosagwa kwa mikono, mfuko kwa mfuko, kisha mbolea na mbegu za nyasi, na baadaye miti; hadi sasa zaidi ya hekta 3,400 zimewekwa chokaa na zaidi ya miti milioni 10 imepandwa. Sudbury inathibitisha kwamba ardhi iliyokufa kwa salfa inaweza kufufuka. Inathibitisha pia masharti yake: moshi ulipaswa kupunguzwa kwanza, kazi imechukua zaidi ya miaka 40, na imefanywa na jimbo tajiri lililokuwa bado na migodi inayofanya kazi na kampuni za kulipa. Na hata huko, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya topesumu bado yanalazimika kutibiwa. Kilichoponywa ni vilima vilivyounguzwa na moshi. Mabaki yenyewe yanalindwa tu.

Hapa watetezi wa mradi wana jibu, na ni jibu zuri. Kabanga hautakuwa shimo la wazi kama Geita. Uchimbaji ni wa chini ya ardhi, na mpango ni kurudisha sehemu ya topesumu chini, likichanganywa na saruji ili kujaza nafasi zilizochimbwa. Wala mbale hazitayeyushwa kwa moto pale Bugarama, kwa hiyo moshi wa Sudbury haupo. Nayakubali yote mawili, na ya kwanza hasa naiona kuwa hatua bora kuliko zote zilizopangwa kwa ajili ya ardhi ile. Ila mwamba ukisagwa huvimba ukubwa; hauwezi wote kurudi ulikotoka. Kitakachobaki juu kitaingia bondeni nyuma ya ukuta, na kuta za namna hiyo hubomoka: ule wa mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulipasuka tarehe 7 Novemba 2022 na tope lake likafunika nyumba na mashamba ya watu. Almasi haina salfaidi. Tope lile liliharibu kwa wingi wake tu. Na kule North Mara, mgodi wa dhahabu, NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliitoza Acacia, kampuni iliyokuwa ikiuendesha, faini ya shilingi bilioni 5.6 mwaka 2019 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu, kisha Julai mwaka huo ikaamuru bwawa lisitumike. Sheria ilifanya kazi, ila baada ya kuvuja.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sijaliona likizungumzwa. Kanda ya Ziwa imezoea magwangala, yale mawe taka ya migodi ya dhahabu ambayo wananchi wa Geita waliyapigania kwa miaka ili wayapekue punje zilizosalia. Kwa mazoea hayo, mawe yatakayotupwa na mgodi wa Bugarama yataonekana kuwa mali: kokoto za barabara, msingi wa nyumba, kifusi cha uwanja wa shule. Mawe yenye salfaidi hayafai kwa lolote kati ya hayo. Barabara iliyojengwa nayo itachuruza tindikali kila masika, na kuyarudisha mawe hayo baada ya kusambazwa ni kazi isiyowezekana. Kutenganisha mawe salama na yasiyo salama tangu siku yanapotolewa, na kuwaeleza wanavijiji tofauti hiyo kwa Kiswahili cha kawaida, ni ukarabati wa gharama ndogo kabisa kuliko wote.

Na udongo wa juu? Mkoani Kagera udongo mzuri mara nyingi umetengenezwa na watu. Shamba la migomba kuzunguka nyumba limeneemeka kwa samadi, majani makavu na majivu ya vizazi kadhaa, wakati hatua chache nje yake kuna ukoka kwenye ardhi nyembamba yenye changarawe. Wahandisi wakiupima huo udongo kama mita za ujazo za kusogezwa, watausukuma kwenye lundo moja refu pamoja na changarawe, na baada ya miaka michache katikati ya lundo hakutakuwa na uhai wowote. Ukitakiwa kurudi, unapaswa kukwanguliwa peke yake, kuwekwa kwenye marundo mafupi, kupandwa mikunde juu, na kutumiwa mapema kwenye sehemu zinazomalizika kadiri mgodi unavyoendelea. Fidia ya nyumba na mazao inalipwa kwa mwenye shamba. Kazi ya bibi na babu yake iliyomo ndani ya udongo hailipwi na yeyote, hivyo angalau isizikwe.

Ngara yenyewe inajua gharama ya kuchelewa. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa makadirio ya UNHCR, watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji ghafla, na kwa zaidi ya miaka miwili kuni za mji huo zilitoka vilimani. Wakimbizi waliporudishwa Desemba 1996, vilima vilikuwa vitupu na makorongo yamefunguka. Miti ilipandwa kwa miradi ya wafadhili, na mahali pengi uoto umerudi. Ulirudi kwa sababu visiki na mbegu vilikuwa bado ardhini na udongo haukuwa na sumu. Bwawa la topesumu halina visiki.

Sababu ya pili ni fedha, na mfano wake uko wilaya jirani. Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulikuwa mgodi wa dhahabu ulioanza kuzalisha mwaka 2005 chini ya Barrick na mbia wake. Mwaka 2013 dhahabu ilikuwa inaisha na African Barrick Gold ikijiandaa kufunga. Badala ya kufungwa, mgodi uliuzwa kwa STAMICO kwa takriban dola milioni 4.5, na shirika hilo la umma likachukua pia wajibu wote wa kufunga na kukarabati pamoja na mfuko uliokuwa umetengwa kwa kazi hiyo, zaidi ya dola milioni 11. Kampuni tanzu ya STAMIGOLD ikaendelea kuchimba kwa jina la Mgodi wa Biharamulo. Ajira zilinusurika na Watanzania wakaendesha mgodi wao. Hayo si madogo. Lakini tazama muundo uliotokea. Mwenye kuchimba sasa ni Serikali, mwenye kusimamia ni Serikali, na mfuko wa kukarabati ulifika pamoja na mgodi. Mgodi unaopata shida ya mtaji ukiwa na fedha za ukarabati ndani ya mzunguko mmoja unahitaji ukuta mnene kati ya mifuko hiyo miwili, uliojengwa kwa sheria, usiotegemea uadilifu wa msimamizi aliyepo. Bugarama itahitaji ukuta huo huo, kwa kuwa Serikali ni mbia tangu mwanzo.

Sheria zetu hazina upungufu wa maneno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sheria ya Madini ya 2010 na kanuni zake za usalama na hifadhi ya mazingira zinadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati, inayoweza kuwekwa kwa njia kadhaa, ikiwemo akaunti maalumu au dhamana ya benki. Swali ni kiasi na wakati. Dhamana inayokua taratibu kadiri mgodi unavyopata faida huwa ndogo kabisa katika miaka ya mwanzo, na hiyo ndiyo miaka ambayo mgodi wa nikeli unaweza kusimama ghafla. BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi Oktoba 2024, migodi na mitambo ikiwa na ujuzi wa miongo, kwa sababu nikeli ya Indonesia ilikuwa imejaza soko na kuangusha bei. Ikiwa kampuni kubwa kuliko zote za madini inaweza kusimama hivyo, mgodi mpya wa Ngara hauna kinga. Kwa hiyo dhamana ya Bugarama ihesabiwe kwa swali moja kila mwaka: mgodi ukisimama kesho, mtu mwingine atahitaji kiasi gani kuyafunika mabaki yaliyopo leo na kutibu maji yake kwa muda wote utakaohitajika? Kiasi hicho kiwe kimeshawekwa, mahali ambapo mwendeshaji, mbia wala Hazina hawawezi kukigusa.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatamfukuza mwekezaji kutoka kwenye mradi ambao tayari umesubiriwa mno. Hofu hiyo naielewa. Ngara ni wilaya ya pembezoni na vijana wake hawana muda wa kusubiri nusu karne nyingine. Lakini gharama ya ukarabati haizaliwi na dhamana. Ipo tayari ndani ya mwamba. Dhamana inaamua tu nani atailipa, na bila dhamana mlipaji ni mkulima wa kijiji cha chini ya mto na wizara ya miaka ijayo. Mradi ambao hauna faida mpaka gharama hiyo iondolewe vitabuni hauna faida kweli. Wengine hutaja betri za magari ya umeme na joto la dunia, kana kwamba haja ya dunia inapunguza wajibu hapa. Sehemu kubwa ya nikeli ya dunia bado inakwenda kwenye chuma kisichoshika kutu, na betri nyingi zinazotengenezwa leo hazitumii nikeli kabisa. Hata ingekuwa yote ni ya betri, hakuna haki katika kusafisha hewa ya miji ya mbali kwa maji ya Ruvubu.

Iko pia tofauti ya mahali. Kwa mpango wa tangu 2021, makinikia yanakusudiwa kusafishwa Kahama, penye uliokuwa mgodi wa Buzwagi, ambao baada ya uchimbaji kukoma umegeuzwa eneo maalumu la kiuchumi. Buzwagi inasifiwa, kwa haki, kwamba mgodi unaweza kufungwa na mahali pakaendelea kuishi. Ila uhai mpya wa Kahama utalishwa na mwamba wa Ngara, na mabaki ya tani zile yatabaki Ngara. Halmashauri yenye kiwanda itakuwa na ushuru, wafanyakazi na majengo baada ya miaka 18. Halmashauri yenye bwawa la topesumu itakuwa na ulinzi wa ukuta. Sehemu ya mapato ya usafishaji ingetengwa kisheria kwa uangalizi wa bwawa hilo, hesabu ingekaa sawa zaidi.

Inabaki ardhi yenyewe itakuwa ya nani. Ardhi ya kijiji ikihawilishwa kuwa ardhi ya jumla chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hairudi kijijini yenyewe kwa kuwa mgodi umeisha. Mtu anayekarabati ardhi bila kujua atakayeitumia hukarabati kwa ajili ya mkaguzi: mteremko sahihi, nyasi za kutosha, picha nzuri. Malisho, shamba la miti au hifadhi ya chanzo cha maji vinadai maandalizi tofauti, na sehemu kama bwawa lenyewe hazitafaa kilimo kamwe na zinapaswa kutamkwa hivyo mapema. Vijiji vya Bugarama viulizwe sasa vinataka nini kwenye kila kipande, jibu liandikwe ndani ya mpango wa kufunga, na kurudishwa kwa ardhi inayofaa kuwe sharti la kuachilia dhamana.

Na kuna kazi moja isiyoweza kufanywa baadaye kwa fedha yoyote. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalipovuja kutoka North Mara na kuingia mto Tigithe, wakazi na kampuni walibishana kwa miaka juu ya madhara yake. Mabishano kama hayo huwa marefu mahali ambapo upande mmoja pekee ndio wenye vipimo. Kila kisima, chemchemi na kijito kinachotumiwa na watu wa Bugarama kinapaswa kupimwa tindikali, nikeli, kobalti, shaba na salfati, vuli, masika na kiangazi, kabla baruti ya kwanza ya uzalishaji haijalipuka. Sampuli zichukuliwe na maabara isiyolipwa na mgodi, nakala za majibu zibaki ofisi ya kijiji, na zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila mwaka hadi miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka.